Steringi, ekstra na mtu wa katikati yao: Walter Brennan na kazi ya mwigizaji wa wahusika

Kila msimu wa Oscar ukifika, mabishano yaleyale hurudi kwenye magrupu ya wapenzi wa filamu. Mmoja husema tuzo ya mwigizaji bora msaidizi ni ya kumfariji aliyekosa ile kubwa. Mwingine humchanganya msaidizi na ekstra, yule anayepita nyuma ya steringi sokoni na hatumwoni tena. Wa tatu huuliza kwa nini mtu hodari kiasi hicho hajawahi kuwa steringi, kana kwamba usteringi ni darasa la juu ambalo kila mwigizaji anapanda ngazi kulifikia.

Njia fupi ya kuyafungua mafundo haya ni kumfuata mtu mmoja kazini. Walter Brennan alizaliwa Lynn, Massachusetts, tarehe 25 Julai 1894, akafariki Oxnard, California, tarehe 21 Septemba 1974. Ndiye mwigizaji wa kwanza kufikisha Oscar tatu za uigizaji, na zote tatu alizipata kwa nafasi za usaidizi ndani ya miaka mitano ya filamu: 1936, 1938 na 1940. Mpaka leo hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke, aliyepata tatu kwenye kundi hilo. Hata hivyo, ukimtaja kwa jina, wengi hawamfahamu. Waonyeshe picha ya yule mzee kibogoyo aliye pembeni ya John Wayne, watasema, "Ah, huyu!" Watu wa fani yake hukumbukwa hivyo, kwa sura kabla ya jina.

Tuanze na majina ya kazi zenyewe. Steringi ndiye anayebeba hadithi. Anachokitaka ndicho kinachoisukuma filamu, na jina lake ndilo linalouza tiketi. Ekstra ni wa kujaza mandhari: hana jina, kwa kawaida hana maneno, na hulipwa kwa siku. Mwigizaji msaidizi ana jina na maneno, lakini hadithi si yake. Yumo ili hadithi ya mwingine isonge. Usaidizi huo ni nafasi ndani ya filamu moja tu. Steringi mkubwa anaweza kuishika mara moja kisha akarudi kwake, kama Ingrid Bergman, aliyekuwa na Oscar mbili za mwigizaji mkuu kabla ya kupata ya tatu kama msaidizi kwa filamu ya 1974.

Mwigizaji wa wahusika ni jambo jingine. Hiyo ni fani ya maisha. Steringi wa zamani alilipwa ili abaki yuleyule, kwa sababu watu walikwenda kumtazama John Wayne akiwa John Wayne, na akibadilika sana walidai wameibiwa. Mwigizaji wa wahusika alilipwa ili apotee ndani ya mtu mwingine: leo jaji, kesho mlevi, keshokutwa mchungaji wa kanisa. Kwenye kundi la taarab, jina linaloandikwa kwenye bango ni la mwimbaji. Lakini mpiga dumbaki akipoteza pigo, mwimbaji mwenyewe hajui aingie wapi. Brennan alikuwa mpiga dumbaki.

Miaka kumi ya kutoonekana

Brennan hakuanzia kwenye sanaa. Alisoma ufundi katika shule ya Rindge huko Cambridge, Massachusetts. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia kikosi cha mizinga cha Marekani nchini Ufaransa. Baada ya vita alihamia Los Angeles, akafanya biashara ya ardhi na nyumba. Alipata pesa nyingi, na katikati ya miaka ya 1920 soko lilipoporomoka akazipoteza. Alikuwa na zaidi ya miaka 30, ana mke na watoto, na mjini kulikuwa na kazi moja isiyodai cheti wala ujuzi: uekstra.

Kuanzia hapo mpaka 1935 alifanya kazi katika makumi ya filamu, mara nyingi bila jina lake kuandikwa popote. Jambo hili huwachanganya watu wa leo, waliozoea orodha ya majina inayochukua dakika nzima mwishoni mwa filamu. Zamani majina yalitajwa mwanzoni, kwenye kadi chache, nayo yalikuwa ya watu kumi au kumi na tano. Waliobaki hawakuandikwa, hata kama walikuwa na mstari wa kusema. Ndiyo maana ukitazama filamu ya 1933 kuhusu mtu asiyeonekana kwa macho, utamkuta Brennan akiwa mwanakijiji aliyeibiwa baiskeli, lakini jina lake hulioni. Vivyo hivyo mwaka 1934 alikuwa kondakta wa treni katika kichekesho kifupi cha kundi la Three Stooges.

Kipato cha kazi hiyo kilikuwa cha mashaka. Chama cha waigizaji wa filamu wa Marekani kilianzishwa mwaka 1933, na ilichukua mpaka Mei 1937 watayarishaji kukubali kusaini nacho mkataba. Viwango vya chini vilivyowekwa vilikuwa dola 25 kwa siku kwa mwigizaji mwenye maneno na dola 5.50 kwa ekstra. Pengo hilo la karibu mara tano linaonyesha vizuri kuliko maelezo yoyote kwamba ekstra na msaidizi hawakuwa ngazi mbili zinazopakana. Ulikuwa ukuta, na walioupanda walikuwa wachache. Gary Cooper aliupanda mapema. Yeye na Brennan walijuana tangu wote wawili walipokuwa wakitafuta vibarua vya siku moja moja katika miaka ya 1920. Baadaye walikutana tena katika filamu baada ya filamu, Cooper akiwa steringi na Brennan akiwa pembeni yake, na ukaribu wao unaonekana kwenye kioo.

Brennan aliupanda ukuta huo mwaka 1935. Mtayarishaji Samuel Goldwyn alimwona katika nafasi ndogo ya dereva wa teksi kwenye filamu yake mwenyewe, akampa mkataba. Alikuwa anakaribia miaka 41.

Mkataba ulivyomfunga mtu

Hollywood ya kati ya 1930 na 1948 ilikuwa kiwanda. Studio kubwa zilimiliki viwanja vya kupigia picha, mafundi, waandishi, waigizaji, na kadhaa kati yake zilimiliki hata kumbi za kuonyeshea. Mkataba wa kawaida ulikuwa wa miaka saba, lakini miaka hiyo ilimfunga mwigizaji peke yake. Studio ilikuwa na haki ya kumwacha kila kipindi cha mkataba kilipoisha, mara nyingi miezi sita au mwaka. Mwigizaji akikataa nafasi aliyopangiwa alisimamishwa bila malipo, na siku za kusimamishwa zikaongezwa mwishoni, kiasi kwamba miaka saba ingeweza kuwa tisa. Kuongeza siku huko kulikomeshwa na kesi ya mwigizaji Olivia de Havilland, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya California Desemba 1944.

Kwa masteringi mfumo huu ulikuwa kero. Kwa mwigizaji wa wahusika ulikuwa mshahara wa uhakika, na pia ulikuwa mashine ya kumchosha. Steringi alitengeneza filamu mbili au tatu kwa mwaka. Mtu wa pembeni aliweza kumaliza sini zake zote kwa siku chache, akavua koti, akavaa jingine. Mfano mzuri ni Thomas Mitchell. Katika mwaka mmoja wa 1939 alionekana katika Stagecoach, Gone with the Wind, Mr. Smith Goes to Washington, Only Angels Have Wings na The Hunchback of Notre Dame. Filamu tano ambazo bado zinatazamwa, na ndani yake Mitchell ni daktari mlevi, mwenye shamba wa Kusini, mwandishi wa habari, rubani na mfalme wa ombaomba wa Paris. Hakuna steringi wa enzi hiyo aliyeruhusiwa kuwa watu watano tofauti ndani ya miezi kumi na miwili.

Tena kulikuwa na kuazimana. Goldwyn alitengeneza filamu chache kwa mwaka, hivyo kuwakodisha watu wake kwa studio nyingine kulikuwa sehemu ya biashara. Studio iliyoazima ilimlipa mwenye mkataba kiasi kikubwa kuliko mshahara wa mwigizaji, na tofauti ikabaki kwa mwenye mkataba. Oscar ya pili ya Brennan, ya filamu Kentucky, aliipata akifanya kazi 20th Century-Fox, ilhali mkataba wake ulikuwa kwa Goldwyn.

Meno, miguu na masikio

Sasa tufike kwenye ufundi, maana hapa ndipo watu hudhani kwamba mtu kama Brennan alikuwa mzee tu aliyeigiza uzee. Hesabu miaka. Alipopata Oscar ya kwanza alikuwa na umri wa miaka 42. Katika Kentucky anacheza babu anayekaribia kufa, na alikuwa na miaka 44. Jaji Roy Bean wa filamu The Westerner alimwigiza akiwa na 45. Steringi wa filamu hiyo, Gary Cooper, alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba tu, lakini mtazamaji anaapa kwamba kati yao kuna kizazi kizima.

Siri ya kwanza ilikuwa mdomoni. Mwaka 1932, katika ajali kazini, alipoteza meno yake mengi, akawa mtu wa meno ya bandia. Mwongozaji Howard Hawks alipenda kusimulia kwamba walipokutana kwa ajili ya filamu ya Barbary Coast ya 1935, Brennan alimuuliza kama anamtaka "nayo au bila," na Hawks alipouliza bila nini, akajibiwa: meno. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, lakini ndani yake mna fundisho la ufundi. Meno yakitoka, midomo hukosa kitu cha kuegemea na kuingia ndani, kidevu hupanda na kukaribia pua, mashavu hubonyea. Sauti nayo hubadilika, hasa s na f, ambazo huhitaji meno ili zitoke kali. Rangi na gundi za mafundi wa vipodozi wa wakati ule zilipata shida sana kuyafanya hayo yaonekane ya kweli kamera ikisogea karibu. Brennan aliyafanya kwa sekunde mbili, na akiyarudisha meno aliweza kucheza mtu wa miaka arobaini alasiri hiyohiyo.

Siri ya pili ni mwendo. Waigizaji wavivu wana mwendo mmoja wa kizee: mgongo uliopinda na mkono kiunoni. Brennan alimpa kila mtu miguu yake. Eddie, mlevi wa To Have and Have Not ya 1944, hutembea kwa kurukaruka kidogo, kama mtu anayeshtuliwa na mishipa yake mwenyewe, kwa kuwa pombe imeiharibu. Stumpy wa Rio Bravo ya 1959 ni kiguru. Anauburuta mguu kwa hasira, kama mzigo aliobebeshwa na hakuukubali. Babu Amos wa tamthilia ya televisheni The Real McCoys naye ni kiguru, lakini mkono wake mmoja unapepea kufidia mguu, na unamjua kwa kivuli chake tu. Vilema viwili vya aina moja, na watu wawili tofauti kabisa.

Ya tatu ndiyo ngumu kuiona, nayo ni kusikiliza. Sehemu kubwa ya kazi ya msaidizi ni kuwa kwenye picha wakati mwingine anasema. Akifanya kidogo mno, sini inakuwa na mtu mmoja tu. Akifanya kupita kiasi, akikuna kichwa na kutoa macho, anaiba sini, mtazamaji anakosa maneno muhimu, na mhariri anaamua kumkata. Brennan alijua kipimo. Mtazame katika Rio Bravo akiwa nyuma ya mlango wa jela na bunduki yake: uso unafuata kila neno la John Wayne kwa kuchelewa nukta moja, kama mtu anayelitafakari kabla ya kulipinga.

Kuna kazi moja ambayo ningependa kila mwandishi wa skripti wa kwetu aichunguze. Katika To Have and Have Not, Eddie ana swali analowauliza wageni: kama wamewahi kuumwa na nyuki aliyekufa. Wengi wanamwona chizi. Lauren Bacall, katika filamu yake ya kwanza, anamrudishia swali kwa heshima, kana kwamba ni jambo la maana. Hapohapo mtazamaji anamweka mwanamke huyo upande wa watu wema, kabla hajafanya tendo lolote. Mstari mmoja wa mlevi umefanya kazi ambayo ingehitaji sini mbili za maelezo. Mtu wa pembeni ndiye kipimo cha steringi: tunamjua mtu mkubwa kwa namna anavyomtendea mdogo.

Oscar tatu, na maneno ya watu

Tuzo za Oscar zilianza mwaka 1929 bila kundi la wasaidizi. Kila mwigizaji alishindana kwenye kapu moja. Kasoro ilionekana wazi kwa filamu za mwaka 1935, pale waigizaji watatu wa Mutiny on the Bounty, yaani Clark Gable, Charles Laughton na Franchot Tone, walipopendekezwa pamoja kwa tuzo ya mwigizaji mkuu, na wote wakashindwa na Victor McLaglen. Mwaka uliofuata makundi mawili ya wasaidizi yakaanzishwa. Washindi wa kwanza, kwenye sherehe ya Machi 1937, walikuwa Walter Brennan na Gale Sondergaard.

Hawakupewa sanamu. Washindi wa usaidizi walipewa kibao chenye sanamu ndogo iliyobandikwa, na ilichukua mpaka sherehe ya 1944 wao nao kukabidhiwa sanamu kamili. Kwa hiyo wanaosema tuzo hii iliwahi kuhesabiwa ndogo hawasemi uongo, ila wanaongelea miaka saba ya mwanzo tu.

Mpaka kati ya mkuu na msaidizi nao haukuwa imara. Kwa filamu za 1944, Barry Fitzgerald alipendekezwa kama mwigizaji mkuu na kama msaidizi kwa nafasi ileile moja. Alishinda ya usaidizi, kisha kanuni zikabadilishwa ili jambo hilo lisijirudie. Mabishano ya leo kuhusu nani awekwe kundi gani ni mtoto wa tatizo hilo, na hayajapata dawa, kwa sababu hakuna idadi ya dakika iliyowekwa kuwa kipimo.

Sasa lile dai kubwa: kwamba Brennan alishinda kwa sababu maekstra walimpigia kura mwenzao. Lina ukweli wa nusu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 haki ya kupiga kura ilipanuliwa kwenda kwenye vyama vya wafanyakazi wa filamu, maekstra wakiwemo. Walikuwa maelfu, walimjua, walimpenda, na haki hiyo baadaye iliondolewa. Lakini kura za marafiki hazielezi kila kitu. Ukizitazama filamu zenyewe, tuzo tatu hazina uzito sawa. Katika Come and Get It ya 1936 anamcheza Swan Bostrom, mkata magogo mwenye asili ya Sweden, na lafudhi yake leo inasikika imezidishwa. Kinachodumu ni upole wake pale anapomwoa mwanamke ambaye rafiki yake amemtupa. Kentucky ndiyo dhaifu kuliko zote, na Brennan anapiga kelele sehemu nyingi ambazo zingetosha kwa kunong'ona. Kama mtu akisema tuzo hiyo ilikuwa ya urafiki, sitambishia sana.

The Westerner ya 1940, chini ya mwongozaji William Wyler, ni habari nyingine. Roy Bean alikuwa mtu wa kweli, jaji wa kujipachika katika mji wa Langtry, Texas. Brennan anamfanya mtu anayenyonga watu mchana na kutetemeka kama kijana mbele ya picha ya mwigizaji wa jukwaani Lillie Langtry usiku. Huwezi kumpenda na huwezi kumwacha. Mwishoni anavaa sare yake ya zamani ya vita, ananunua viti vyote vya ukumbi ili amtazame Lillie peke yake, na pazia likifunguka anayesimama jukwaani ni Cooper na bastola. Filamu ni ya Cooper kwa bango. Kwa mtazamaji ni ya Brennan. Maekstra wangekuwa na kura au wasingekuwa nazo, hii ilistahili.

Dai jingine ni kwamba mwigizaji wa namna hii hurudia mtu mmoja maisha yote. Kwa Brennan jibu lipo kwenye filamu moja ya mwaka 1946, My Darling Clementine. Hapo ni Mzee Clanton, baba wa majambazi, anayewachapa wanawe wakubwa kwa mjeledi kwa sababu wametoa bunduki bila kuua. Zile kelele za kizee tunazozijua hazipo. Sauti iko chini, macho hayapepesi. Hakuongozwa tena na John Ford, mwongozaji wa filamu hiyo, baada ya hapo, na ni hasara yetu.

Nani aliruhusiwa kuwa watu wengi

Sifa zote hizi zina kivuli. Kubadilika kuwa jaji, mkata magogo, mchungaji na jambazi ilikuwa haki ya baadhi ya watu tu. Hattie McDaniel alishinda tuzo ya usaidizi tarehe 29 Februari 1940, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata Oscar yoyote, kwa nafasi ya mtumishi katika Gone with the Wind. Usiku huo aliwekwa kwenye meza ndogo ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo. Kipaji chake kilikuwa kipana, alikuwa mwimbaji na mchekeshaji, lakini studio zilimpa nafasi ya mtumishi, kisha mtumishi, kisha mtumishi. Kwa Brennan kuwa mwigizaji wa wahusika kulimaanisha milango mingi. Kwa McDaniel kulimaanisha mlango wa jikoni.

Na Brennan mwenyewe hakuwa upande wa kuyabadilisha hayo. Alikuwa mhafidhina mkali, alimpigia kampeni mgombea urais Barry Goldwater mwaka 1964, akamuunga mkono mgombea urais wa mrengo wa kulia zaidi, John Schmitz, mwaka 1972, na alizipinga harakati za haki za raia waziwazi. Mtu anayempenda babu mpole wa kwenye kioo inafaa ajue kwamba upole ule ulikuwa kazi. Kuigiza vizuri ni ufundi. Hakumpi mtu cheti cha tabia.

Mzee anapokuwa steringi

Miaka ya 1950 kiwanda kilivunjika. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1948 ulizilazimisha studio kuachana na kumbi zao, televisheni ikaingia sebuleni, na mikataba ya miaka saba ikakauka. Waigizaji wengi wa wahusika walipotelea hapo. Brennan alifanya kinyume: kuanzia 1957 hadi 1963 aliongoza tamthilia ya televisheni The Real McCoys akiwa Amos McCoy, babu wa familia iliyotoka West Virginia kwenda kulima California. Ilifika vipindi 224. Kwa mara ya kwanza umri wake halisi ulikuwa umemfikia mhusika. Mwaka 1962 akatoa hata wimbo wa kusimulia, Old Rivers, uliofika nafasi ya 5 kwenye chati ya Billboard. Baadaye akaongoza tamthilia nyingine ya kauboi, The Guns of Will Sonnett, kati ya 1967 na 1969.

Kwa anayetaka kumtazama, nisingemshauri aanze na Oscar ya kwanza. Anza na Rio Bravo, dakika 141, kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote na Stumpy yumo tangu mapema. Kisha My Darling Clementine, ndani ya wiki hiyohiyo ikiwezekana, ili tofauti ya sauti ikushike. Ya tatu iwe The Westerner. Sini moja ukiipenda, irudie bila sauti na umfuate yeye tu: mikono iko wapi, anatazama nini wakati hasemi, anaanza kusogea kabla au baada ya steringi. Meet John Doe ya 1941, ambamo yeye ni mzururaji anayewaogopa wenye pesa, haina tena hakimiliki nchini Marekani, hivyo hupatikana mtandaoni bure, ingawa nakala nyingi ni chafu, tafuta iliyosafishwa.

Red River ya 1948 inahitaji tahadhari. Ziko nakala mbili. Moja, ya dakika 133 hivi, inaunganisha sehemu za hadithi kwa kurasa za kitabu zinazoonyeshwa kwenye kioo. Nyingine, ya dakika 127 hivi, imeondoa kurasa hizo, na badala yake Brennan anasimulia kwa sauti ya Groot, mpishi wa msafara wa ng'ombe aliyeyaweka rehani meno yake ya bandia kwenye mchezo wa karata na anayarudishiwa wakati wa kula tu. Wataalamu wamegawanyika kuhusu ipi ni bora. Kwa aliyekuja kumtazama Brennan, achukue ile fupi. Sauti yake inaupa msafara ule mtu wa kuuhurumia, na pale Groot anapomwambia John Wayne uso kwa uso kwamba amekosea, neno lile linatoka kwa mtu ambaye tumemsikiliza tangu mwanzo.